Kitabu cha Kijani na Ukimya wa Bibi Yako

Lushoto, Jumatatu, 3 Julai 1978.
Asubuhi ukungu mzito hadi saa tatu, kisha manyunyu. Mchana jua kidogo. Baridi kali.

Mwanangu Naomi,

Unajua siwezi kuandika jambo lolote kabla sijaandika hali ya hewa. Baba yako husema hata siku ya mwisho wa dunia nitaanza kwa kueleza kama kulikuwa na mawingu. Nivumilie.

Habari za sanduku, sweta la pili na watu wa kuwatafuta Morogoro, baba yako ameshakueleza mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ukimwitikia huku macho yako yapo dirishani. Sitazirudia. Barua hii ni ya jambo moja nililoshindwa kukuambia kwa mdomo. Nitakupa kesho ukiwa umeshakaa ndani ya basi, ili usipate nafasi ya kunijibu. Ni woga, nakubali. Kutoka hapa hadi Soni basi hutumia karibu saa nzima, kwa kuwa husimama kila penye mtu na kikapu. Muda huo unatosha. Naomba uimalize kabla hujafika Soni.

Wiki mbili zilizopita uliniambia, "Mama, nipe kile kitabu chako cha kijani. Chuoni kuna somo la saikolojia, nawe unacho tayari." Nikajibu kwamba nitakitafuta. Jana ukaniuliza tena, "Kitabu kimepotea?" Nikasema sijui. Kitabu hakijapotea. Kimekaa juu ya kabati, nyuma ya cherehani, kwa miaka saba, nami ndiye niliyekiweka. Sikuweza kukupa bila kukueleza yaliyoandikwa pembeni mwa kurasa zake kwa penseli, kwa mwandiko wangu. Humo mna jina lako.

Kitabu hicho nilikipata nilipomaliza ualimu. Mkufunzi wetu wa malezi alikuwa anarudi kwao, akagawa vitabu vyake, nami nikapata kinachoeleza jinsi mtoto anavyokua na kujifunza, tangu anazaliwa hadi anakuwa kijana. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba akili ya mtoto ina mpangilio, kwamba mambo mengine hutangulia na mengine hufuata, kama mahindi yanavyotoa majani kwanza na ndevu baadaye. Nilikisoma mara mbili. Mwishoni mlikuwa na jedwali refu: mtoto wa mwezi huu afanye hili, wa mwezi ule aseme lile. Nililipenda jedwali lile kuliko kitabu chenyewe. Unanijua.

Ulipozaliwa, Agosti 1960, tulikuwa tunakaa Soni kwa bibi yako, mama yake baba yako, kwa sababu nilikuwa nafundisha shule ya karibu. Nilikunakilia jedwali lako mwenyewe katika shajara. Ulicheka kwa wakati. Ulikaa kwa wakati. Ulitembea mapema, nami nikaandika "mapema!" nikapigia mstari. Asubuhi nilikuacha mgongoni kwa bibi nikaenda shuleni, mchana nikarudi, nikakaa nawe mkekani na kukupima.

Neno la kwanza halikuja.

Jedwali lilisema mwezi wa kumi na mbili. Nikangoja. Wa kumi na tano, wa kumi na nane. Nilikuwa natandaza vitu vitatu mbele yako, kijiko, kikombe na kiatu, nakuuliza kwa Kiswahili safi, "Naomi, hiki ni nini?" Ulinitazama usoni kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwenzake, kisha ukachukua kijiko ukakitia ndani ya kiatu.

Nakunakilia hapa shajara ya tarehe 12 Machi 1962, kama ilivyo:

"Mvua tangu alfajiri. Nimempima N. Vitu vitatu, hakutaja hata kimoja. Hana neno. Miezi kumi na tisa. Nina hofu. Jioni yuko jikoni na bibi yake wanacheka sana. Bibi anamwimbia ule wimbo wa kuku, naye anaitikia. Nimesahihisha madaftari thelathini."

Soma tena mstari wa kabla ya mwisho. Mimi niliuandika kwa mkono wangu, na sikuuona kwa miaka tisa.

Wimbo wa kuku ni wa Kishambaa. Anayeimba humuuliza kuku amelala wapi jana, na anayeitikia hutaja mahali: juu ya paa, ndani ya kikapu, chini ya kinu. Kila mara mahali pengine, na anayerudia mahali palipokwisha kutajwa hushindwa na kucheka mwenyewe. Ina maana ulikuwa unajua kikapu. Ulikuwa unajua paa na kinu, juu na chini na ndani. Ulikuwa na maneno pengine kumi, pengine zaidi, nami niliandika "hana neno" kwa sababu sikuhesabu Kishambaa kuwa ni maneno.

Nataka uelewe jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofika hapo. Mimi nilipoanza darasa la kwanza, mwalimu alitoka pwani na hakujua Kishambaa. Muhula mzima nilikaa bila kuelewa. Siku moja alinituma nje nikalete chaki, nami nikamletea jiwe, na darasa likacheka mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Niliapa kwamba mtoto wangu hataleta jiwe. Halafu uhuru ukaja wewe ukiwa na miezi kumi na sita, na kila mkutano tuliambiwa Kiswahili ndicho kitakachotuunganisha. Niliamini, na bado naamini. Halafu kitabu nacho, katika sura ya lugha, kilieleza kwamba mtoto anayesikia lugha mbili nyumbani huchanganyikiwa na kuchelewa kusema. Mambo matatu yakasema jambo moja. Ningewezaje kutosikia?

Nilimwambia baba yako. Alikuwa anapiga randa ubao, hakusimama.

"Kwa hiyo nimwambie mama asiseme, nyumbani kwake?"

"Aseme. Lakini na mtoto, Kiswahili tu."

"Kiswahili cha mama ni cha kuuzia maharage."

"Basi atajifunza."

Akasimama sasa. "Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye kitabu."

Mkwe kumwendea mama mkwe na neno kama hilo, unajua ni jambo gani kwetu. Mpaka leo siwezi kupita mbele yake bila kuinama kidogo. Lakini nilikwenda, na nilichukua kitabu, kwa kuwa bila kitabu nisingethubutu. Bibi yako alikuwa anachambua mboga. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafuta mikono, akasema, "Nionyeshe mahali kilipoandika."

Nikamfungulia jedwali. Akapitisha kidole juu ya mistari taratibu, kutoka juu hadi chini, yeye asiyejua hata herufi moja. Tangu alipobatizwa alikuwa amekaa kanisani kila Jumapili akisikiliza vitabu vikisomwa na watu waliovijua, na hakuwahi kuona mtu akisimama kubishana.

"Kama kimeandikwa, kimeandikwa," akasema.

Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa cha sokoni kweli. Siku ya kwanza alikukalisha, akakupa ndizi ya kuchemsha, na akakwambia kwa sauti ya gengeni, "Karibu, mama, chagua mwenyewe, mali mpya!" Baba yako alicheka mpaka akatoka nje. Nami nilicheka. Nilipogeuka, bibi alikuwa hacheki. Hilo nililiona, lakini sikuliandika.

Siku zilizofuata alisema "njoo," "kaa," "kula," "basi." Baada ya hapo hata hayo yakapungua. Alikubeba kama zamani, alikulisha, alikuogesha, kimya. Wewe ulikuwa unamvuta kitambaa cha kichwa na kumwimbia mwanzo wa wimbo wa kuku, kipande kile chake, sio chako, ili akuitikie wewe. Alikuwa anakutazama tu. Jambo hilo pia liko kwenye shajara, mwezi wa Mei. Niliandika: "N. anaanza kuimba peke yake. Dalili njema."

Ulipokaribia miaka mitatu ulisema sentensi nzima kwa Kiswahili. Niliandika, "Njia imefaulu." Januari 1964 nikahamishiwa hapa Lushoto. Tuliondoka Soni wewe ukisema Kiswahili kama mtoto wa Tanga mjini, nami nikitembea kifua mbele. Katika mikutano ya akina mama niliitwa niwaeleze wenzangu siri yake, nami niliwaeleza. Wangapi walirudi nyumbani wakawanyamazisha bibi za watoto wao? Sijui. Huwa nalifikiria hilo ninapokutana nao sokoni na watoto wao waliokwisha kuwa wakubwa.

Sasa nifike kwenye lililo lako.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulirudi kutoka likizo kwa bibi, ukaweka kikapu chini, ukasema, "Bibi hanipendi." Nikauliza kwa nini. Ukasema, "Watoto wa baba mdogo anawasimulia hadithi mpaka wanalala. Mimi nikiingia ananyamaza. Ana maneno ya kila mtu ila mimi." Hukulia. Ulisema kama unavyonisomea matokeo ya mtihani.

Nikakujibu, "Bibi yako ni mtu wa kimya, ndivyo alivyo."

Mwanangu, bibi yako ni mmoja wa wasemaji wakubwa wa Soni. Watu huleta viti vyao. Ulijua kwamba nasema uongo, kwa sababu ulikuwa umetoka kuwasikia wenzako wakicheka upande wa pili wa ukuta. Ila hukujua kwa nini nadanganya, basi ukachagua sababu iliyokuwa karibu nawe, kwamba kasoro ni yako.

Mwaka 1971 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la kwanza aitwaye Mwanaidi. Miezi mitano hakufungua mdomo darasani. Nilikwisha andika kwenye taarifa yake "mzito." Siku moja tulikuwa kwenye shamba la shule tunapalilia maharage, nikasikia kicheko upande wa chini wa matuta. Nikashuka polepole. Mwanaidi alikuwa amesimama, jembe begani, anawasimulia wenzake kwa Kishambaa jinsi mbuzi wa shangazi yake alivyoingia ofisi ya kijiji akala karatasi za mkutano. Alikuwa anamwiga mwenyekiti. Alikuwa anamwiga karani anayevuta karatasi upande huu na mbuzi anayevuta upande ule. Alimwiga mbuzi baada ya kushiba. Hakuna aliyekuwa anapalilia.

"Mwalimu huyo!" mtoto mmoja akasema, na Mwanaidi akafunga mdomo. Uso wake ukarudi kuwa ule wa darasani. Niliuona ukirudi.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nikamuuliza kwa Kishambaa, "Na huyo mbuzi, walimfanya nini?"

Miaka kumi na miwili ya ualimu, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza la Kishambaa kwa mwanafunzi. Akatazama kulia na kushoto aone kama ni mtego. Kisha akasema, "Mwenyekiti alitaka kumshtaki, lakini ushahidi wote ulikuwa tumboni."

Jioni hiyo nilitoa shajara ya 1962 nikaisoma tangu Januari. Nilipofika tarehe 12 Machi niliketi chini sakafuni. Baba yako alidhani nimepata habari za msiba.

Nilikirudia kitabu pia, maana nilitaka kukichoma. Sikukichoma, na ndiyo maana leo nakupa. Kina mambo mengi ya kweli. Sura ya mtoto anavyojifunza kwa kucheza ni kweli. Nimeiona kwa macho yangu kila mwaka. Lakini jedwali lilitengenezwa kwa kuwatazama watoto waliokaa katika nyumba yenye mama mmoja, baba mmoja, mlango uliofungwa na lugha moja. Mwandishi hakukosa kuwaandika hao. Mimi ndiye niliyemchukua mtoto wa Soni, mwenye bibi na shangazi na jirani na jiko lililojaa watu, nikampima kwa kijiti cha nyumba ile. Tena nilimpima mchana, mkekani, na wewe ulikuwa unaishi jioni, jikoni.

Utasoma vitabu vipya zaidi ya changu, na huenda vinasema kinyume chake kabisa. Visome. Andika pembeni. Ila ukimwandika mtoto "hana," rudi jioni ukamsikilize akiwa na anayemjibu, ndipo utie wino.

Hayo niliyajua mwaka 1971. Leo ni 1978. Ungekuwa na haki ya kuniuliza: miaka saba yote, Mama?

Ulikuwa wa kwanza darasani. Kila mtu alikuwa ananipongeza kwa ajili yako. Nilijiambia kwamba jambo limepita, mtoto hajadhurika, kwa nini nifukue. Na ulipofika miaka kumi na minne, ule mwaka wa harusi ya baba yako mdogo wa pili, ulirudi kutoka Soni ukajifungia chumbani siku nne. Ndugu zako walikucheka kwa Kishambaa chako, wakakuita "mgeni rasmi." Hilo nililijua baadaye kwa baba yako. Wakati ule mimi nilifanya nini? Nilipanda juu ya kiti nikashusha kitabu. Ndiyo, kile kile. Nilisoma sura ya vijana, ikaeleza kwamba umri huo una huzuni zisizo na sababu na kwamba mzazi asilazimishe mazungumzo. Nikafurahi. Nikakirudisha nyuma ya cherehani, nikakuacha na siku zako nne. Huzuni yako ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa nje ya mlango wako, imeshika kitabu. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kitabu kile kinaweza kunipoteza, na bado nilikitumia kwa sababu kilinipa nilichotaka, yaani ruhusa ya kunyamaza.

Mwezi uliopita baba yako alikuambia uende Soni ukamuage bibi, akupulizie maji kifuani na kukuombea kama anavyofanya kwa kila mjukuu anayetoka. Ukajibu, "Nitamwandikia barua." Baba yako akasema bibi hajui kusoma. Ukasema, "Basi tutakuwa sawa. Mimi sijui anachosema, yeye hatajua nilichoandika."

Baba yako alinitazama. Ana miaka kumi na sita ya kutosema kitu kuhusu jambo hili, na kila mara hunyamaza akinitazama mimi.

Kwa hiyo Ijumaa niliposema nakwenda Soni kufuata maharage, nilikwenda kwa bibi yako. Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Macho yake sasa hayamsaidii sana. Anayajua maganda kwa vidole. Nakuandikia maneno yake kwa Kiswahili, lakini ujue yote yalikuwa Kishambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Naomi. Umekuja peke yako, au na kitabu?"

"Peke yangu."

"Basi kaa. Nilidhani kimetoa amri mpya."

Nikamwambia yote. Nilimsomea hata ule mstari wa shajara. Nilitaka kupiga magoti akanizuia kwa kunitupia kikapu cha maharage mapajani, "Mikono isikae bure." Tukapukuchua. Baadaye akasema:

"Mimi nilijua mtoto ni mzima. Alikuwa anajua kuku amelala wapi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa na kitabu. Mimi nilikuwa na nini? Kuku."

Nikacheka, halafu nikalia, naye akaniacha nilie bila kuacha kazi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Usimwambie mtoto kwamba mimi nilikuwa malaika. Ningeweza kukataa, ni nyumba yangu. Nilinyamaza kwa kiburi. Nilisema, ngoja, anyimwe maneno yangu, aone mama yake atakavyojuta. Nikasahau kwamba anayenyimwa si wewe. Na ulipohama, nilitaka kuanza tena, mtoto akija likizo. Nikaona aibu. Kila nikifungua mdomo nilijiona nauza nyanya."

Kuku wake walikuwa wanatuzunguka miguuni.

"Lakini niliivunja amri yako," akasema. "Ulipokwenda semina Tanga na mtoto akapata surua. Usiku wa siku tatu. Mwili ni moto, hataki maji, hataki uji. Nikasema kitabu na kinisamehe. Nikamwimbia mpaka kukapambazuka, siku zote tatu. Aliitikia huku amefumba macho. Uliporudi homa ilikuwa imeshuka, nikarudi kwenye 'kaa' na 'kula.'" Akapepeta maganda. "Je, anaukumbuka?"

"Sijui, mama."

"Jumanne ni siku ya soko. Basi litasimama. Nitakuwa pale kwenye kona ya mashine ya kusaga, na sweta la bluu. Mwambie."

"Na asiposhuka?"

"Asiposhuka, nitakuwa nimeliona basi."

Nilirudi Ijumaa jioni nikiwa na maharage na neno hilo. Jumamosi sikukuambia. Jana sikukuambia. Leo asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni kwako nikipanga sentensi ya kwanza, nawe ulikuwa unakunja nguo, umenipa mgongo, unavumisha wimbo midomo imefungwa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ulivyojua. Nikakuuliza, "Wimbo gani huo?" Ukageuka ukasema, "Sijui. Wa redioni labda."

Naomi, redio haijawahi kuuimba wimbo huo. Anayeuimba yupo mmoja.

Ndipo nikaona kwamba ninachotakiwa ni kuandika tu, kwa sababu nusu ya habari unayo tayari.

Sikuombi unisamehe ndani ya basi, katikati ya watu na vikapu vya kabichi. Chukua muda wako. Ukitaka kunikasirikia mwaka mzima, kasirika, ila niandikie ukiwa na hasira, usinyamaze. Nyumba yetu imetosheka na kunyamaza. Wala sitakuambia ushuke Soni. Nimekwisha toa amri moja kuhusu wewe na bibi yako, na sitatoa ya pili. Nakwambia tu jinsi mambo yalivyokuwa, na mahali atakapokuwa amesimama. Dereva nimemwomba asiwe na haraka. Amesema kwenye soko la Soni hata akitaka haraka haipati.

Kishambaa chako kina makosa, tena mengi. Ukishuka utakosea, naye atacheka, maana ni mcheshi, utaona. "Onga makeo," salamu ya asubuhi, inatosha kuanzia. Macho yake hayatakutambua kwa mbali, hivyo itabidi wewe ndiye useme kwanza. Au usiseme. Muulize kuku amelala wapi.

Kitabu cha kijani kiko ndani ya sanduku lako, chini kabisa, na shajara ya 1962 iko ndani yake kwenye ukurasa wa jedwali. Ni zako.

Mama yako.

Baba yako amelala tangu saa tatu, au anajifanya. Ukungu umeshuka tena, siuoni hata mti wa mpea uani. Nimeisoma barua mara mbili, sikufuta neno. Nalala saa sita na dakika ishirini.